Dawa za Mama na Tarehe ya Uongo

Uvira, Mulongwe

Dada yangu mkubwa, yaya Riziki,

Nakusalimu wewe, Mama, shemeji na watoto wote wa pale nyumbani Kalemie. Mimi mwili ni mzima, ugali na samaki wetu wadogo, ndagala, napata, lakini roho inachemka tangu wiki iliyopita na haijapoa hata sasa ninapoandika. Mama anaendeleaje? Kichwa bado kinamuuma? Kile kizunguzungu cha asubuhi je?

Kwenye simu nilikuambia tu kwamba Mama asimeze tena dawa za tansio, yaani za presha ya damu, nilizomtumia. Ukaanza kunifokea kwamba nachezea maisha ya mzazi, nami nikakufokea, halafu rezo ya simu ikakata. Haya, sasa keti usome. Dawa zile muda wake umepita, tena umepita zamani. Nilizinunua mimi mwenyewe, pale pale ninapofanya kazi, kwenye depo ya dawa. Ndani ya mfuko huu aliokuletea shangazi Mapenzi, yule wa biashara ya vitenge anayepanda boti bandarini Kalundu, kuna dawa nyingine. Nimezinunua kwa watu wengine, zimo katika boksi lake, na tarehe yake utaisoma kwa macho yako. Mpeleke Mama kwa muuguzi kwanza ampime, azitazame na hizi, ndipo Mama aanze kuzimeza. Zile za vikaratasi vyeupe zitoe nyumbani, na usimpe jirani hata kama ataomba.

Sasa nikueleze nimejuaje, maana bila mashine kugoma Mama angeendelea kumeza takataka na sisi tungeendelea kumlaumu kwamba anakula chumvi kwa siri.

Kazi yangu unaijua, naangalia kompyuta za depo. Ile ya mbele, anayouzia Mama Sifa, mama anayepokea wateja, inatumia Linux. Patron, mwenye depo, aliniagiza niipandishe toleo jipya kwa sababu printa aliyonunua haikuelewana na la zamani. Nikaunganisha intaneti ya simu yangu, nikaanza. Ikagoma. Kila kitu nilichotaka kushusha ilikikataa, ikisema sahihi haikubaliki, ufunguo haufai.

Usiseme naongea Kizungu, ngoja nikufafanulie. Programu mpya zinatoka mbali na zinapita mahali pengi kabla ya kutufikia, kwa hiyo wenye kuzitengeneza wanazitia sahihi, na kompyuta yetu inahifadhi ufunguo wa kuihakikisha sahihi hiyo. Ni kama mtu akija kwako akasema, Bahati amenituma nichukue cherehani. Utamwomba alama tunayoijua mimi na wewe tu. Asipokuwa nayo, cherehani haitoki.

Mimi nikadhani ufunguo umechakaa. Hutokea, funguo hizo zina mwisho wake na wenyewe hutoa nyingine. Nikaushusha mpya kwa simu, nikauweka. Ikagoma. Nikaufuta, nikauweka tena, ikagoma. Nikabadilisha mahali pa kushushia, nikapata maneno yale yale. Na patron anapita nyuma ya kiti changu na chupa yake ya Fanta, anauliza mbele ya wateja kama diplome yangu niliinunua sokoni. Nikampigia Heri, tuliyesoma naye Bukavu. Akasema najisumbua bure, niiambie tu mashine isikague sahihi yoyote, ipokee kila kinachokuja. Wengi wanafanya hivyo. Nikamkatalia, nikamwambia mashine inayouza dawa za watu haiwezi kupokea kitu bila kuuliza kimetoka wapi. Nilisema hivyo kwa kiburi kabisa, yaya, na nyuma yangu kwenye rafu lilikuwa limekaa lile kopo la dawa za Mama.

Mwishowe nikausoma ujumbe wote hadi chini, badala ya kuishia mistari miwili ya juu kama nilivyokuwa nikifanya. Uliandikwa kwa Kifaransa kwamba ufunguo huo umetengenezwa wakati ambao haujafika. Nikatazama saa kwenye kona ya skrini, iko sawa hata dakika. Nikaibonyeza ili inionyeshe na tarehe. Mashine ilikuwa ingali mwaka jana. Saa ya leo, tarehe ya mwaka jana. Kwa akili yake, ufunguo wa mwaka huu ulikuwa wa mtu ambaye hajazaliwa. Ingeukubalije? Na hakuna aliyegundua, kwa sababu risiti Mama Sifa huziandika kwa mkono.

Hapo sikumshuku mtu bado. Nilishuku kile kibetri kidogo ndani ya mashine, kinachotunza tarehe umeme ukiwa umekatika, na hapa Uvira umeme unakatika kama pumzi ya mgonjwa. Nikaenda soko la Mulongwe, nikanunua kipya, nikakiweka, nikaisahihisha tarehe. Mara funguo zikakubalika zote na vitu vikaanza kushuka. Nilifurahi kama mtoto. Umeme ukakatika katikati ya kazi, nikasema basi, nitamalizia kesho.

Kesho yake mashine imerudi mwaka jana.

Nilikwenda kwa yule muuza vibetri nikamtukana mbele ya wateja wake, nikamwambia anauza uchafu. Hakunijibu tusi. Alikipokea kile kibetri, akakipima, akanionyesha sindano ya kipimo inavyopanda. Akasema, "Batri iko muzima, ndugu. Muulize mwenye mashine." Nilikuwa bado sijamaliza hasira zangu kwake, ikabidi nizibebe nirudi nazo depo.

Nikaisahihisha tarehe mara ya pili, safari hii Mama Sifa akiwa amekaa kando yangu, kisha nikafungua ile programu ya stoki, inayoorodhesha dawa zilizopo, ili nione kama inafanya kazi. Nusu ya majina ya dawa yalikuwa mekundu. Sikuwahi kuyaona hivyo. Mama Sifa aliweka kiganja chake juu ya skrini, maana kulikuwa na mtu mlangoni, akaninong'oneza, "Weye, rudisha ile tarehe. Patron mwenyewe njo anaipangaka. Dawa yenye imepita inageuka rouge, na client akiona rouge haiuzike."

Nikamwambia aondoe mkono. Nikatafuta jina la dawa ya Mama. Jekundu. Kopo lile lile, yaya, lile kubwa linalokaa rafu ya pili, ambalo tunahesabia vidonge na kuvifunga katika vikaratasi visivyo na tarehe. Kila nilipotaka kumtumia Mama, patron mwenyewe alilishusha, akanihesabia kwa mkono wake, akanipunguzia bei, akanipiga begani na kusema mtoto anayekumbuka mama yake atabarikiwa. Nilimshukuru mtu huyo. Nilimwombea.

Nikaenda ofisini kwake. Nilimwuliza bila salamu kama anajua tarehe ya kopo lile. Hakushtuka hata kidogo. Aliniambia nikae chini, akaanza kunifundisha. "Dawa haijuake kalenda, mutoto wangu. Muchele ya mwaka jana, hatuikulake?"

Nikamwambia, "Mama yangu njo anakunywaka ile dawa."

Akanijibu, "Na si iko muzima?"

Sikumpiga. Nataka ujue kwamba sikumpiga, na ujue pia kwamba nilitaka. Nilirudi kwenye mashine. Nikaweka tarehe ya kweli, nikaiamuru iwe inaichukua yenyewe kwenye mtandao, nikabadilisha mot de passe, neno la siri la kuingilia, ili mtu asiigeuze tena, kisha nikaendelea na ile kazi niliyoagizwa. Ilichukua mchana mzima. Sahihi zilikubalika moja baada ya nyingine, hakuna hata moja iliyokataliwa, na mashine ikapanda toleo jipya na kuwaka vizuri. Nikafungua programu ya stoki, nikaigeuza skrini iwaelekee wateja, nikachukua begi langu. Mlangoni patron akaniambia nisikanyage tena pale. Nikamwambia hata angenibeba nisingerudi.

Wakubwa wa afya wa hapa nimewaeleza. Wamesema watapita, nami nasubiri. Watu wa mtaani wamegawanyika. Wapo wanaonipa mkono, wapo wanaosema kijana wa kuja ameenda kumharibia mwenyeji biashara. Mwenye nyumba wangu ni wa hao wa pili. Kodi anaipokea, salamu haipokei.

Juzi patron amenipigia. Sauti tamu, mutoto wangu hapa, mutoto wangu pale. Anasema tusameheane, kazi yangu ipo, nirudi hata kesho. Anachotaka ni kitu kidogo tu, ile mot de passe, maana alimleta fundi mwingine wakashindwa kuingia. Nilimwambia nitakuja siku atakapoyatoa makopo yote mekundu barabarani, yachomwe watu wakiona, na kiberiti nitakuja nacho mimi. Akakata simu. Jioni akatuma mtu kusema mashine ni mali yake na mimi ni mwizi.

Ni kweli mashine ni yake. Dawa nazo ni zake, na chumba, na taa. Kifua cha Mama si chake.

Najua utasema hasira hasara. Najua shemeji atasema kazi ni kazi, na boksi la pili la Mama litatoka wapi. Sijui, yaya. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko matusi ya patron. Boksi hili moja ndilo nililoweza. Uza baiskeli yangu, ile niliyomwachia shemeji, mpate linalofuata, nami huku natafuta kazi kwenye nyumba za kuchapa na fotokopi. Lakini usiniandikie kwamba nimpe patron ile mot de passe. Kopo lile lilikuwa na vidonge vingi, Mama alipata vichache. Vingine nimevifunga mimi kwa vidole hivi, vikaenda Sange, vikaenda Kiringye, ndani ya vikapu vya wazee waliokuja na gari ya asubuhi wakanishukuru kwa mikono miwili. Siwajui majina. Hawana mtoto anayefanya kazi ndani ya depo, wa kuwapigia simu akawaambia acheni.

Nisalimie shemeji, fundi wetu wa viatu, mwambie anisamehe kwa habari ya baiskeli. Nisalimie mjomba Kasongo na ndoano zake, na bibi wa upande wa baba anayeniita bado kwa jina la utotoni. Wanao wote wawili wabusu, mkubwa mwambie hesabu ndiyo chakula. Shangazi Mapenzi mpe chai kabla hajaanza kukuhadithia boti ilivyoyumba, maana akianza hatamaliza.

Mama msomee barua yote. Usiruke mahali, hata pale patron alipouliza kama si mzima. Na muuguzi akishamfunga kile kitambaa cha kupimia mkononi, usingoje boti wala barua. Nipigie ukiwa bado umesimama kando yake, usinisalimie, niambie tu imepanda au imeshuka.

Mdogo wako,
Bahati