Dawa ya Dirishani

Jumanne, mtaa wa Hai Cinema

Anapumua. Nimemwekea mkono ubavuni tena, anapumua.

Asubuhi nilikuwa nimechelewa kazini. Nikamwambia Mama Keji, anayenisaidia nyumbani, "Mpe Bosco dawa, iko dirishani jikoni." Nilimaanisha kidonge cha minyoo cha mbwa. Kumbe kidonge kilikuwa kwa mkoba wangu, nilikikuta mchana nikitafuta kalamu. Dirishani kulikuwa na dawa moja tu, ile ya panya niliyonunua sokoni Jumamosi, imefungwa kwa kipande cha gazeti.

Nilimpigia Mama Keji simu, haikushika. Nikapanda boda nikimpigia dereva wa watu kelele njia nzima hadi nyumbani. Bosco alikuwa ameshaimeza.

Daktari wa mifugo amemtapisha Bosco, akamdunga sindano. Akauliza ni sumu gani. Nitajuaje? Gazeti halina jina! Basi akasema nimwangalie siku kadhaa, na fizi zikianza kutoa damu nimrudishe mbio.

Nimezikagua fizi mara ngapi sasa? Bado hazitoi damu.

Mama Keji amekataa kwenda kwake. Amekaa sakafuni na mbwa, analia kimya. Nilitaka kumfokea. Lakini neno "dawa" lilitoka kinywani mwangu mimi.

Nikamuuliza tu, kwani Bosco hakunusa?

"Ilikataa, madam. Mara mbili. Mimi nikaambia yeye, kula, ni madam amesema. Sasa ikakula."