Mafuta ya Udi ya Mama

Mama yangu, shikamoo. Pole tena, najua siku haziendi.

Ijumaa wenzangu wa chuoni walinitoa, eti nimejifungia mno tangu msiba. Wakanitembeza soko la Mutrah, huku ng'ambo ninakosoma, tukala halua na kahawa, joto linatuchoma hata kivulini. Sokoni nikaingia duka la manukato kukuchukulia mafuta ya udi, kama kawaida yangu. Muuzaji, bibi mmoja ambaye asili yake Unguja, akanipaka kiganjani.

"Ya nani haya, mwanangu?"

"Ya mama. Hujipaka jioni, baba akikaribia kurudi. Lakini baba kafa mwezi uliopita."

Akakifunga kichupa taratibu. "Basi mama yuko edani. Hajipaki manukato sasa."

Mama, khabari ya Baba niliisikia kwenye simu, na kaburi sijaliona. Siku zote hizi nasema kafa, lakini nilikuwa sijaamini. Nimeamini pale, kichupa kilipofungwa.

Nimekinunua hivyo hivyo. Ukitoka eda nitakuletea. Ukipenda ujipake, na mie nitakaa na wewe ukumbini saa ile aliyokuwa akirudi.

Mwanao akupendaye,
Zuhura