Mlango Uliosomwa kwa Simu

Jumatatu, 8 Juni 1987
Leo tena ofisini kwa mkuu wa shule, nimejibanza nyuma ya kabati. Picha ni yangu. Mlango wa bibi hapa Malindi, na maua yake yote ya kuchonga. Nimeuchora kwenye karatasi ya miraba, kila mraba namba yake: sufuri nyeupe, tisa nyeusi. Maonyesho ya Nairobi ni Jumamosi. Posta haitawahi. Kwa hiyo namba zinasomwa kwa simu, na Njoroge, rafiki wa Mwalimu Katana, anazigonga kwenye kompyuta huko.

Msomaji ni Rukia wa darasani kwetu. Mwalimu aliponitaja mimi nisome, Rukia alicheka. "Huyu bubu, mwalimu? Njoroge atadhani laini imekatika!" Wote wakacheka. Nami nikacheka. Najichukia.

Mwalimu alipotoka, Njoroge akauliza mchoraji nani. "Rukia," akasema Rukia. Hakupepesa jicho.

Jumanne, 9 Juni
Picha imeharibika, kasema Njoroge. Mistari mingine mirefu, mingine mifupi, na nyeusi hakuna hata tone. Wamesoma upya, polepole. Yale yale. Mwalimu kakagua karatasi, haina kosa. Rukia anatangaza darasani kuwa bubu kampa karatasi mbovu. Jana mchoraji yeye, leo kosa langu.

Namtakia mabaya. Makubwa.

Jumatano, 10 Juni
Nimejua!

Leo nilisimama karibu na simu. Njoroge anasikika mpaka nje ya mkono wa simu. Rukia ni mtu wa mji wetu wa pwani, tisa kwake ni kenda, kama bibi, kama sisi sote nyumbani. Kila akisema kenda, Njoroge anajibu: "Naenda, dada, naenda! Mbona wanihimiza?" Rukia anadhani ni mzaha. Mtu wa bara anasikia "enda". Haandiki kitu. Weusi wote wa mlango wangu unapotelea sikioni mwake.

Neno moja tu: tisa. Lilinifika mdomoni. Nikalimeza. Tamu.

Alhamisi, 11 Juni
Mwalimu amesema kesho ikishindikana, mlango hauendi. Nikinyamaza naumia na mimi. Najua. Nitanyamaza.

Ijumaa, 12 Juni
Rukia kamleta babake, kanzu imepigwa pasi, aje asikie. Akasoma kwa madaha. Kenda, kenda, kenda. Mwisho Njoroge akasema, "Dada, hii si picha, ni takataka. Nafunga." Simu ikakatika.

"Ndiyo hii uliyoniitia?" babake akauliza.

Rukia akalia, kamasi na yote. Hapo sauti ikanitoka, kubwa, sijui ilikuwa wapi. "Njoroge hajui kenda. Anasikia enda. Ungemwambia tisa."

Mwalimu akanigeukia.

"Umejua tangu lini?" akauliza.

"Juzi."

Jumamosi, 13 Juni
Jana tulipiga tena Nairobi, Njoroge hakupokea. Leo nimekutana na Mwalimu sokoni. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba yake ilichelewa. Akasema, "Kumbe sauti unayo. Jumatatu tutamsomea Njoroge upya, na simu utashika wewe." Sijui kama ni adhabu.

Bibi kauliza kama Nairobi wameupenda mlango wake. Nikasema hawakuuona.

"Haya, mwanangu," akasema, akaendelea kukuna nazi.

Nikikumbuka uso wa Rukia bado nafurahi. Si kama jana.