Siku Tuliyoliua Tanuru la Malungu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua ungeitikia kwa kuguna tu, halafu ungeuliza kama nimekula na kama baridi ya mjini inanionea. Nimekula, baba. Na baridi ya hapa Mazwi si kitu. Baridi ni ile ya kwetu ya mwezi wa saba, inayomfanya mtu mzima ang'ang'anie jikoni na kusingizia mgongo.

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana. Hii ya nne sitaichana. Nitampa katekista aisome mbele ya watu siku ya misa yako, maana jambo lenyewe halikuwa letu wawili peke yetu. Vijana waliozaliwa baada ya mwaka ule wanadhani kijiji hukaa mahali pake chenyewe, kama jabali. Hawajui kwamba siku moja kilining'inia kwenye ulimi wako.

Hakuna aliyejua habari za Malungu kukuzidi wewe. Ulikuwa ukinisimulia huku ukichonga mipini, na nikisinzia unanigonga goti. Mtu wa kwanza alikuwa babu wa babu yako, fundi wa kuyeyusha chuma, aliyepanda huku juu akifuata mawe mekundu na miti inayotoa makaa mazuri. Akajenga tanuru lake juu ya kichuguu, refu kupita watu wawili waliobebana. Kwa Kifipa tanuru hilo ni ilungu, na yakiwa mengi ni malungu. Basi watu wakaitwa wa Malungu. Ardhi ilipochoka walisogea mbele kidogo, ikichoka tena wakasogea, mara mbili, lakini tanuru halikusogea. Kila baba alimrithisha mwanawe kapu la dawa za tanuru na miiko yake. Wewe ulikuwa wa tano, na wa mwisho aliyejua kuwasha.

Nakumbuka mwaka ule ulikuwa na furaha ya ajabu. Majembe ya dukani yalikuwa yameenea hadi kwetu, na ulikuwa hujawasha tanuru kwa miaka kadhaa. Wazee wenzako walishaanza kukutania kwamba sasa wewe ni fundi wa hadithi. Ukaapa kwamba kabla ya mvua utawasha, ukawaonyeshe chuma ni nini. Mwezi wa saba ukahama nyumbani kwa mama kama mwiko ulivyotaka, ukaenda kulala kwenye kibanda cha kazini. Shangazi, kwa kuwa alikuwa ameshapita umri wa kuzaa, ndiye peke yake aliyeruhusiwa kukupelekea chakula, tena mwisho wake kijitoni. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano. Mama aliniambia wazi kwamba mguu wangu ukikanyaga kule, chuma hakitatoka, na fundi aliyeharibiwa tanuru haliwashi tena maisha yake.

Mwezi wa nane akaja bwana wa ramani, Mzungu wa serikali.

Alikuja na mahema, wapagazi na mkalimani kutoka Tabora aliyevaa tarbushi jekundu. Serikali ilitaka kuuwekea mpaka msitu wa mlimani. Jumbe wetu alitutangazia masharti mawili. La kwanza, watakaokutwa ndani ya mpaka watahamishiwa bondeni Rukwa, isipokuwa wakionyesha kwamba wamekaa pale tangu enzi za mababu. La pili, kijiji chochote kinachokata msitu kwa makaa kitahamishwa hata kama kilikuwako tangu siku ya Adamu. Bondeni ni joto na mbu. Watu wa familia mbili waliowahi kuteremkia kule walirudi wakiwa nusu yao.

Siku tatu yule bwana alizunguka mashamba yetu. Wewe unajua, lakini vijana watakaosikia barua hii wamezoea mbolea ya ng'ombe, acha niwaeleze. Masika tulikuwa tunalima majani na kuyafukia kwenye matuta ya duara, tunayaacha yaoze kiangazi kizima, mvua zikianza tunayatawanya na kupanda ulezi. Kwa hiyo mwezi wa nane shamba la Mfipa ni matuta matupu yenye nyasi kavu. Bwana wa ramani aliyatazama, akaandika kwamba hapa hapalimwi.

Siku ya nne akaita mkutano uwanjani kwa jumbe. Wewe uliteremka kutoka kazini, umejifunga shuka jeusi kwa masizi, ukakaa mbali na wanawake kama ulivyotakiwa. Mkalimani aliuliza jina la kijiji, akaandika Marungu. Nilikuwa nimekaa nyuma yake na mtoto wa jirani mgongoni. Nilikuwa nimesoma misheni miaka minne, nikamwambia kwa Kiswahili kwamba ni kwa L, si kwa R. Akanijibu kwamba kwao Tabora ni hivyo, na isitoshe wino umekwisha kukauka. Mama alinifinya.

Kisha wakauliza historia, na wote wakakutazama wewe.

Baba, nasema kwa heshima zote, ulikosea. Tena ni kosa ambalo mtu wa kwetu tu ndiye angelifanya, maana kwetu mtu anayeulizwa habari za wazee haruki kitu. Kuruka ni kuwatukana. Ulisimama ukaeleza kila mahali tulipokaa: kwanza kijitoni, kisha penye mwamba, kisha hapa tulipo. Ulitaja kila aliyehama na sababu ya kuhama kwake. Ulisema vizuri mno, wazee walikuwa wanatikisa vichwa. Jumbe akayatoa kwenye Kifipa kuyatia kwenye Kiswahili, na mkalimani akayatoa kwenye Kiswahili kuyatia kwenye Kiingereza, akifupisha kila mara. Nilimsikia akimuuliza jumbe, "Kwa hiyo hawa ni watu wa kuhamahama?" Jumbe, maskini, akaona ni kweli tumehama mara mbili, akasema ndiyo.

Bwana wa ramani akafunga daftari.

Hakuna kitu kilichowahi kunitisha kama kile kitambaa cheusi cha daftari kikifungwa. Wewe ulikuwa umekaa, umeridhika, unangoja kusifiwa. Nikaona wazi kwamba hujui kuwa tumekwisha kuhukumiwa kwenda bondeni. Wote hamkujua. Nilijua mimi na mkalimani tu, na mkalimani alikuwa tayari anakunja kiti.

Ulikuwa na ushahidi kule juu, baba, na hukuutaja hata kwa neno moja. Ulimi wako ulifungwa na mwiko. Tanuru linaloandaliwa halionyeshwi mgeni wala halizungumzwi mbele ya wanawake. Nilikutazama ili unitazame, ukawa unaangalia chini. Basi nikampa mama yule mtoto niliyembeba, nikaenda kusimama mbele ya mkalimani. Nilimwambia kwamba tumehama nyumba, hatujahama mahali, na kwamba kuna kitu kilichojengwa na babu wa babu wa baba yangu ambacho hakijawahi kusogea hata hatua moja. Kama bwana ana nafasi, nitampeleka.

Jumbe alianza kusema mimi ni mtoto, nisisikilizwe. Wewe ulisimama. Nilidhani unakuja kunipiga, na ingekuwa haki yako. Lakini bwana wa ramani alikwisha kuvaa kofia.

Njia ile sikuwahi kuipita, ila niliijua kwa moshi wako. Nilitangulia, nyuma yangu bwana, mkalimani, jumbe, na mwisho kabisa wewe. Tulipovuka kijito pale anapoishia shangazi, niligeuka. Ulikuwa umesimama upande wa pili, umeshika kichwa kwa mikono yote miwili. Kisha ukavuka.

Sijawahi kuona kitu kizuri kama tanuru lako. Ulikuwa umelisiriba upya kwa udongo, ukalichora madoa meupe kama bibi harusi, na milango yake ya chini ilikuwa imefagiliwa. Pembeni kulikuwa na lundo la mavi ya chuma, yale makapi ya kuyeyusha, kubwa kama nyumba, na juu yake umeota mti mnene ambao watu wawili wasingeweza kuukumbatia. Bwana wa ramani aliutazama mti ule kwa muda mrefu. Akapima unene wake kwa kamba. Akamwambia mkalimani kitu, na mkalimani akanigeukia akitabasamu, akasema bwana amekubali kwamba mti huu hauwezi kudanganya.

Nilitaka kulia kwa furaha. Hapo ndipo nilipoliona lundo la pili.

Lilikuwa nyuma ya kibanda, limefunikwa nyasi, na upepo ulikuwa umefunua upande mmoja. Makaa. Kazi yako ya majuma yote yale. Sharti la pili likanijia kichwani kama mtu amenipiga kofi. Wewe pia ulikuwa umekwisha kuona ninachokiona, maana ulisogea taratibu ukasimama kati ya bwana na kibanda. Yeye alikuwa bado anazunguka tanuru, anachungulia milango. Akagusa udongo. Akauliza, na mkalimani akatafsiri: "Bwana anauliza, tanuru hili bado linafanya kazi?"

Jumbe aligeukia upande wa kijito. Alikuwa mtu aliyeapa kwa Biblia kuitumikia serikali. Mkalimani akangoja. Bwana akapiga hatua moja kuelekea kibandani.

Nikasema, "Limekufa, bwana. Tunalisiriba kwa heshima ya wazee tu. Hakuna anayewasha tena."

Mkalimani hakutafsiri. Aliliangalia shuka lako lenye masizi, akaniangalia mimi, akakuangalia tena wewe. Hakuwa mjinga. Alikuuliza wewe mwenyewe, kwa Kiswahili cha polepole ili usikose neno: "Mzee, mtoto anasema kweli?"

Kama ungesema kweli, tungehama sote. Kama ungesema uongo, fundi mwenye tanuru amelitangazia kifo kwa kinywa chake, mbele yake, na huo ni mwiko usio na dawa. Mguu wangu peke yake labda ungetafutiwa dawa. Neno lako lisingetafutiwa. Nililijua hilo wakati nafungua mdomo, na nikakuwekea uamuzi huo vivyo hivyo.

Nilihesabu pumzi zangu. Kisha ukasema kwa Kiswahili chako kibovu, ukinitazama mimi wala si yeye: "Kweli. Limekufa."

Walipoondoka hukunipiga. Laiti ungenipiga. Ulitoa kapu la dawa chini ya sakafu ya tanuru, ukaenda nalo msituni, ukarudi mikono mitupu. Usiku ule ulirudi kulala kwa mama. Mama alikupakulia chakula, hakuuliza, na mimi sikula. Makaa yalikaa pale mpaka mvua ikayalowesha. Wewe ukashika jembe la dukani kama watu wengine, ukalima matuta yako, na wazee walipokutania ulicheka nao. Kwangu hukubadilika. Siku ya harusi yangu uliicheza ngoma ya mafundi wa chuma hadi shuka likadondoka. Ila hukunisimulia tena habari za mababu, hata mara moja. Nami sikuthubutu kuomba.

Mwaka huu mume wangu alikuwa na shida Boma, nikamsindikiza. Ramani ile iko ukutani. Tupo, baba, nje ya mpaka wa msitu kwa upana wa kidole. Wameandika Marungu, na R yao ile ile. Chini yake kuna maandishi madogo ya Kiingereza. Mume wangu akanisomea: tanuru la kale, halitumiki. Karani alishangaa kuniona mwanamke mzima nimeegemea ukuta wa serikali nalia.

Watu wako wamelala kwao. Kanisa limejengwa penye mwamba. Ulezi wa mwaka huu umekubali. Na katika wote hao hakuna hata mmoja anayejua mawe mekundu yanapangwaje na makaa.

Sasa lile lililonifanya nichane barua tatu. Juma lako la mwisho, nilipokuja kukuuguza, uliniomba nikuinue uegemee ukuta. Halafu ukaniuliza, kana kwamba ni jambo la jana: "Siku ile, ulijuaje kwamba nitakubali?"

Nilikujibu kwamba nilijua kwa sababu wewe ni baba yangu. Ulifurahi. Ulinishika mkono, ukalala, na siku mbili baadaye ulikuwa umekwenda. Watu walisema umekufa na uso wa mtu aliyetulia.

Nilikudanganya, baba. Sikujua. Niliposema limekufa, nilikuwa na hakika kwamba utalichagua tanuru.

Pumzika kwa amani, na kama huko kuna chuma, washa.

Ni mimi binti yako, yule wa kijitoni.