Kwa Nini Ng'ombe Hatoshwi na Ngozi

Chebet mjukuu wangu,

Pokea salamu kutoka hapa kijijini Merigi. Mamako yuko shambani anachuma chai, na babu yako ametoka hospitali. Umeniuliza kwa nini nyungunyungu anapumua kwa ngozi na sisi tunahitaji mapafu.

Nikiwa rika lako, ng'ombe wetu wa pekee aliugua. Siku tatu alisimama shingo ameinyoosha, mdomo wazi. Alipokufa, daktari wa mifugo alimpasua kifua. Pafu lilikuwa gumu kama ini.

"Nyungunyungu ni mwembamba, hewa inayopita ngozini inamtosha," alituambia. "Ng'ombe ni mkubwa, na kutoka ngozi mpaka ndani ni mbali. Pafu ni vifuko vidogo sana. Ukivitandaza vyote, vinafunika boma. Hapo ndipo hewa inaingia kwenye damu. Vya huyu vimejaa maji."

Mama yangu akauliza, "Hata na upepo wote huu alikosa hewa?"

"Hata na huu, mama."

Mama aliketi pale mpaka jioni, mkono juu ya mbavu za ng'ombe, kana kwamba atapumua tena. Nikaketi kando yake.

Soma vizuri, Chebet.

Ni mimi nyanya yako, kogo.