Salamu Iliyoharibu Kichocheo

Jumapili, 17 Machi 1996

Kwa Mama mpendwa, Miyuji,

Shikamoo Mama. Goti la kushoto linaendeleaje? Katika barua uliyomwandikisha Rehema umenieleza habari za mvua, za mtama na za mbuzi aliyezaa pacha, lakini goti hukuligusia, nami nakujua: usichokitaja ndicho kinachouma. Mimi ni mzima. Baridi ya huku Uholanzi imeanza kulegea, na koti la Baba nililokuja nalo bado linanifaa. Mfukoni mwake mna kipande cha uzi wa katani. Sijakitoa.

Uliniuliza kama nitarudi Juni na cheti, kama nilivyomwahidi Baba, au kuna jambo nakuficha, maana tangu msiba barua zangu zimekuwa fupi. Jambo lilikuwepo, Mama. Nilikaribia kurudishwa bila cheti. Nakueleza sasa kwa kuwa limekwisha.

Katika mafunzo haya ya ufundi wa maabara nimepangiwa chumba kimoja cha kazi na Marijke, binti anayesomea shahada kubwa ya kemia. Kazi yao humo ni kutengeneza kichocheo. Ni unga wa rangi kama chungwa lililoiva, na ndani yake mna madini ya bei kali yaitwayo ruteni. Ruteni haikai peke yake. Imeshikwa na vitu vitatu viitwavyo fosfini, kama sufuria juu ya mafiga. Ukitia chembe kidogo tu, inachukua gesi ya haidrojeni na kuipachika kwenye kitu kingine, mahali pale panapotakiwa, halafu yenyewe inabaki vilevile na kuanza upya. Ndiyo njia ya kuyafanya mafuta ya karanga kama yale ya Kongwa yagande yawe mafuta ya kopo, ingawa viwandani wanatumia madini mengine ya bei nafuu. Marijke anaitumia kwa dawa. Adui wa kichocheo hiki kikiwa bado kwenye maji yake, hakijakauka kuwa unga, ni hewa hii tunayovuta. Kikiipata, kimekufa. Kwa hiyo unakishika chini ya gesi ya naitrojeni inayopita taratibu kwenye mpira, na mkono hauondoki.

Alhamisi moja mwezi uliopita Marijke alinipa chupa niishike, akaenda kuchukua kitu chumba cha pili. Akaniambia nisiiachie mpaka arudi. Hapo akaingia Mzee Hendrik. Alikuwa mwalimu wa chumba kile kabla hajastaafu, na kila Alhamisi huja kutazama. Vijana humwinulia kidevu tu na kuendelea na kazi. Siku ile alikuja moja kwa moja kwangu, akaninyoshea mkono, akasema, "Nimesikia umefiwa na baba yako. Pole sana."

Mama, katika jengo lile zima hakuna aliyekuwa amemtaja Baba. Niliiweka chupa mezani ikiwa wazi, nikafuta kiganja kwenye koti, nikampa mkono wa kulia na wa kushoto ukiushika, nikainama. Sikuuondoa mpaka alipomaliza maneno yake. Nilipogeuka, lile chungwa lilikuwa limekuwa kijani kama maji ya lambo.

Unajua nilikolitoa jambo hili. Unamkumbuka Baba pale soko la Kibaigwa, akishona magunia ya mahindi? Akipita mtu, sindano chini, kiganja kwenye suruali, ndipo mkono. Madalali walimcheka: "Mzee, kwa salamu hizi mahindi yataota kabla hujafunga gunia." Naye alikuwa akinijibu mimi, si wao: "Anayekupa mkono akute mkono, asikute kazi."

Marijke aliporudi nilimwambia ni mimi. Ningeweza kusema mpira ulichomoka, sikusema. Akaniuliza niliiachia kwa ajili ya nini. Nikasema, kwa ajili ya salamu. Akacheka akidhani natania, kisha akaona sitanii, macho yakamjaa machozi. Ile ndiyo ruteni ya mwisho waliyokuwa nayo.

Mkuu wa maabara aliniita. Hakunifokea. Alisema ruteni nyingine itakuja baada ya wiki kadhaa, na nitakitengeneza kichocheo mimi mwenyewe tangu mwanzo mpaka mwisho. Kikifanya kazi, nitaendelea na mafunzo. Kikishindwa, nitafungasha. Usiku na mchana nilijiona nikishuka stendi ya Dodoma mikono mitupu.

Alhamisi ya tarehe 7 mwezi huu ndiyo ilikuwa siku ya kuchuja. Nimeshika chupa, mpira unapuliza, akaingia Mzee Hendrik akaninyoshea mkono. Mkono wangu uliniuma kama umechomwa mwiba. Nikasema bila kugeuka, "Shikamoo Mzee. Mikono yangu imejaa."

Neno shikamoo halijui, lakini hayo mengine aliyaelewa. Alivuta kiti, akauweka mkono wake gotini, akangoja. Baadaye akaniambia polepole, "Siku mama yangu alipozikwa nilikuwa hapa, nimeshika chupa kama hiyo. Sikuiachia. Kichocheo kilitoka kizuri sana."

Nilimaliza, nikafunga kila kitu, nikakagua mara mbili, nikavua glavu. Kisha nikampa mikono yote miwili. Ndipo nilipomlilia Baba, Mama, kwa mara ya kwanza tangu ile simu ya maandishi. Yule mzee hakuondoa mkono mpaka nilipomaliza.

Kesho yake Marijke alitia chembe ya unga wangu kwenye mtungi wa chuma wenye haidrojeni. Tulisimama kuangalia mshale wa kipimo cha mgandamizo wa gesi. Ulikaa, ukakaa, kisha ukaanza kushuka. "Inakula," akasema. Jioni gesi ilikuwa imekwisha na mkuu ametia sahihi niendelee na mafunzo. Siku hizi Marijke akiingia asubuhi ananipa mkono mlangoni: "Chukua sasa, kabla hujashika kitu."

Kwa hiyo Juni narudi, na cheti.

Nisalimie Rehema mwandishi wako, na umwambie mwandiko wake umekuwa mzuri kuliko wangu. Nisalimie mjomba wa Kongwa anayechunga ng'ombe wa ranchi, na mama mdogo wa Kibaigwa, asiyenyima mtu uji. Shemeji mwambie redio yake nimeipata.

Nina ombi moja. Mahindi yakianza kukomaa kabla sijafika, Rehema akushike mkono mwende taratibu hadi kaburini. Jembe mliache pembeni, msiwe na kitu mikononi. Msalimieni Baba kama alivyopenda, kisha mtaje na jina langu.

Mwanao,
Yona