Scotch nyekundu ya Lukumani

Safiya, uko? Bwana yangu amekataa kula. Lukumani, kukataa liboke, samaki yangu ya mu majani!

Unajua ile jeep ya patron, bosi yake, yenye inasimama juu ya mifuko ya hewa? Ilianza kulala nyuma. Lukumani, fundi wake, akasema ni Dady, chauffeur mwenye kuiendesha, aliiosha mu mutoni, mayi ikaingia mu umeme. Patron akamufukuza Dady.

Bon. Leo Lukumani anafuata waya ya pompe ya hewa, anakuta scotch nyekundu, ule utepe wa kufungia waya. YAKE, Safiya. Siku courant ya nyumba ilikatika, ni yeye alichuna ile waya achaji telefone yake.

Alafu Dady anaingia garage kuchukua viatu yake: «Tonton, uniombee kwa patron. Mayi haikuingia.»

Bwana yangu akamujibu: «Tutaona.» Tutaona nini?

Ile telefone ndio ninakuandikia nayo. Patron anaita humu humu, inalia mu mukono yangu. Lukumani ananiangalia tu.